Jumamosi ya Pili ya Oktoba, Tukutane Ufukweni

Ndugu zangu wa Goma, wavuvi wa Kituku, mama zetu mnaouza sambaza, walimu, wanafunzi, vijana wa chukudu, nanyi mnaoshinda bandarini mkipakia magunia ya kwenda Bukavu na Idjwi: nawaomba asubuhi moja. Jumamosi ya pili ya Oktoba, tutoke twende kando ya ziwa letu, tuwahesabu ndege waliofika kutoka kaskazini ya dunia, tuandike tulichokiona. Kisha tufanye hivyo mara moja kila mwezi mpaka Aprili, watakapokuwa wamerudi walikotoka.

Naujua mji ninaouomba jambo hili. Mlima Nyiragongo ulimwaga moto mwaka 1977, ukarudia 2002, ukarudia tena 2021. Januari 2025 vita viliingia mpaka mitaani mwetu, tukazika watu wengi. Wapo wanaosoma maneno haya bila kujua watoto watakula nini jioni. Mtu akiniuliza, "Sisi tunalia, wewe unatuhesabisha ndege?" ana haki ya kuuliza, na nitamjibu. Lakini kwanza nimweleze ni ndege gani ninaowasema.

Mvua zinaporudi kwetu mwezi wa Septemba, huko Ulaya na Urusi baridi inaanza kuuma. Wadudu wanakwisha, siku zinafupika, na ndege wanaoishi kwa wadudu hawana la kufanya ila kuondoka. Mbayuwayu, ambaye uzito wake ni gramu 20 hivi, anavuka bahari ya Mediterania, anavuka jangwa la Sahara, anateremka mpaka kwetu, na wengine wao wanapita kwenda kusini zaidi. Mwaka 1911 Mwingereza aitwaye John Masefield alimvisha mbayuwayu pete ndogo mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Wale mnaowaona wakiruka chini chini juu ya maji, wakipita kati ya boti na kunasa nzi hewani, safari yao ni hiyo.

Ukishuka kwenye mawe meusi ya volkano ukingoni mwa ziwa, utamkuta kitwitwi. Ni ndege mdogo, mgongo wa rangi ya udongo, tumbo jeupe, naye hutembea akitikisa kiuno bila kupumzika. Amezaliwa kando ya mto fulani wa kaskazini, na sasa anatafuta chakula juu ya miamba ambayo mingine haina umri mrefu, kwa maana lava ya 2002 ilikata katikati ya mji ikaingia ziwani mbele ya macho yetu. Kwenye majani mafupi, uwanjani na malishoni, wapo ndege wembamba wenye kifua cha manjano na mkia usiotulia. Juu zaidi wanapita keremkerem, wala nyuki, ambao mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona. Na siku jua linapochomoza baada ya mvua, mwewe na korongo weupe hupanda na hewa ya moto inayoinuka kando ya milima, wakizunguka bila kupiga bawa, wakifuata Bonde la Ufa.

Kuna wengine ambao habari zao zimejulikana juzi tu. Mwaka 2011 shirika la Uingereza la uchunguzi wa ndege, BTO, liliwafunga kekeo watano vifaa vidogo vinavyofuatiliwa kwa setilaiti. Waingereza tangu zamani humhesabu kekeo kuwa ndege wao, mpiga mbiu wa majira yao ya joto. Vifaa vilionyesha kwamba kekeo mzima hukaa Uingereza wiki chache tu, na kwamba miezi mingi ya mwaka yuko Afrika, na makao yake makuu ni misitu ya bonde la Kongo. Teleka naye, yule mwenye mabawa kama mundu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund huko Uswidi walionyesha mwaka 2016 kwamba anaweza kukaa angani miezi kumi mfululizo bila kutua, na sehemu kubwa ya miezi hiyo anaipitisha katika anga la Afrika, pamoja na la Kongo.

Kwa hiyo tusiwaite wageni. Ndege hawa wana nyumba mbili, na moja iko kwetu. Wakipungua, na wengi wao wanapungua, haitoshi kuuliza kimewapata nini Ulaya. Lazima mtu aulize kimewapata nini hapa, na anayeweza kujibu ni yule aishiye hapa.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame pamoja. Mwaka 1822, karibu na Klütz kaskazini mwa Ujerumani, waliua korongo mweupe wakakuta mkuki umepenya shingoni mwake. Mkuki ule ulikuwa umetoka Afrika, na ndege alikuwa ameruka nao mpaka Ujerumani. Wakati huo watu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana ndege wao huenda wapi baridi ikija. Wapo waliodai kwamba hujizika matopeni chini ya maziwa. Mkuki wa mwindaji wa Kiafrika ukawa ushahidi, na korongo yule amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji hakuna anayemjua. Hakuna aliyeandika jina lake wala la kijiji chake. Miaka mia mbili imepita, na bado vitabu vya ndege hawa vinajaa upande wa kaskazini, wakati upande wetu, wanakoishi karibu nusu ya mwaka, kurasa nyingi ni tupu. Safari hii tuandike wenyewe.

Sasa nimjibu aliyeuliza. Ziwa Kivu ndilo linalotulisha. Sambaza tunaowakaanga waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo familia nyingi zinasomesha watoto kwa samaki hao. Maji ya ziwa hili wengi wetu tunayachota kwa bidoni na kuyanywa. Lakini kingo za Kivu ni za mwinuko mkali, na kina chake kinafika karibu meta 480. Hatuna matete na mabwawa mapana kama Ziwa Edward. Ukingo ulio hai, penye maji mafupi, wadudu na mazalia ya samaki, ni mdogo, na ni huo huo tunaoutupia chupa na mifuko. Ndege wa ukingoni wanakula pale pale. Mwaka watakaokosa chakula, sisi pia tutakuwa tumepoteza kitu, na tutajua mapema ikiwa tu kuna mtu aliyekuwa anaandika.

Faida ya kuandika kila siku sisi wa Goma hatuhitaji kufundishwa. Wataalamu wa OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, wanaupima mlima wakati umelala, kwa sababu wanajua kwamba tetemeko la leo halina maana kama hujui jana na mwaka jana kulikuwa na nini. Idadi ya ndege ni vivyo hivyo. Hesabu ya asubuhi moja haisemi mengi. Hesabu ya miaka kumi inaweza kusimama mbele ya waziri.

Majirani wetu wameshaonyesha kwamba inawezekana. Kenya, tangu 1991, watu wa kujitolea pamoja na Makumbusho ya Taifa huhesabu ndege wa maji kila Januari katika maziwa ya Bonde la Ufa, na hesabu hizo huungana na za nchi nyingine nyingi. Jijini Nairobi, Fleur Ng'weno ameongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kwa zaidi ya miaka 50, na kutoka humo wametokea wataalamu. Na sisi hatuanzi mikono mitupu. Mlangoni mwetu iko Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, yenye aina zaidi ya 700 za ndege. Walinzi wake zaidi ya 200 wamekufa wakiilinda. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 53, inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya na inamtwika wajibu wa kuyatetea. Walinzi wametimiza wajibu huo kwa damu. Sisi tunaombwa asubuhi moja kwa mwezi.

Kazi yenyewe si ngumu. Jumamosi ya pili ya Oktoba dunia nzima huadhimisha siku ya ndege wahamao, kwa hiyo tutakuwa tumeungana na wengi. Tutoke saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, vikundi vya watu wanne au watano, kila kikundi mahali pake: bandari ya umma, Kituku, ukingo wa Himbi na Keshero, Ziwa la Kijani. Huko Sake twende usalama ukiruhusu, tusilazimishe. Kila kikundi kiwe na daftari moja. Andikeni tarehe, saa, mahali, hali ya anga, ndege gani na wangapi. Msiyemjua mwelezeni: ukubwa wake, rangi ya mdomo, ya mgongo na ya tumbo, alikuwa akifanya nini. Msipoona ndege, andikeni kwamba hamkuona. Sifuri nayo ni habari. Mwenye darubini aje nayo, asiye nayo aje na macho yake, kwa maana mvuvi aliyekesha ziwani anawajua ndege hawa kuliko mwenye darubini mpya.

Tuwe waangalifu pia. Mjulisheni mkuu wa avenyu na wa nyumba kumi kabla ya siku. Msielekeze darubini wala simu kwenye kambi, kizuizi, au mpaka wa Gisenyi. Kaeni kwenye njia zinazopitwa na watu kila siku, na kitu cha chuma msichokijua msikiguse. Alfajiri msishuke kwenye mashimo na mabonde ya chini kati ya Goma na Sake, kwa sababu ya mazuku, ile hewa ya sumu inayotuama chini. Mkiona panya au ndege amekufa shimoni, rudini nyuma. Na ndege aliyekufa msimshike kwa mikono mitupu. Mkikuta wengi wamekufa mahali pamoja, waiteni watu wa mifugo.

Kwenu wazazi nina ombi la pili. Watoto wetu wana manati, na mbayuwayu aliyechoka ni shabaha rahisi. Tusiwapige watoto kwa ajili hiyo. Tuwape daftari. Mtoto mwenye jicho la kulenga ndiye mwenye jicho la kuhesabu, na akisikia kwamba kitu alichotaka kukiangusha kimevuka Sahara, atauliza maswali.

Ombi la tatu ni la ufukwe. Siku ya salongo, kazi yetu ya pamoja ya usafi, tuusafishe ukingo kama tunavyosafisha mifereji. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini bado inaelea bandarini. Taka za ziwa huelea mpaka kwa ndugu zetu wa Bukavu, zikaziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Tunapokosa umeme, sehemu ya sababu imetoka mikononi mwetu.

La nne: ukimpata ndege mwenye pete mguuni, awe hai au amekufa, soma maandishi yote. Utakuta namba, na pengine jina kama Radolfzell au Museum Paris. Kama yu hai, piga picha ya pete umwachie aende zake. Namba hiyo, tarehe na mahali vikifika kwa walioivisha, nao watatuambia alivishwa pete wapi na lini. Pete haina fedha ndani yake wala si ya upelelezi. Ni barua, na sisi ndio tulioandikiwa.

Chuo Kikuu cha Goma, twawaomba mpokee madaftari haya, wanafunzi wenu wayapange na kuyahifadhi, na wenye intaneti wayaingize eBird, hazina ya mtandaoni ya hesabu za ndege, ambako kila mtu duniani anaweza kuyasoma bure. ICCN, ninyi mnaosimamia mbuga zetu, tupeni walinzi wanaowajua ndege watufundishe majina. Redio za mji, tangazeni siku, na baada ya siku tangazeni idadi, mtaa kwa mtaa, ili watu wajue hesabu yao imefika. Walimu, kila shule iliyo karibu na ziwa ichague ukingo wake mmoja na iulinde.

Dunia imezoea kuusikia mji wetu kwa sababu ya bunduki na moto wa mlima. Tunayo maarifa ambayo hakuna mwingine anayeweza kuyatoa, na hayatolewi bila mikono mingi. Usimsubiri jirani aanze. Nunua daftari, mwambie mwenzako mmoja, na Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa kumi na mbili asubuhi, uwe ufukweni.