Wati za Kwenye Kibandiko

Mtu anunuapo kompyuta ya mezani aghalabu huuliza kasi ya prosesa na ukubwa wa diski, lakini ni nadra kumsikia akiulizia kile kisanduku cha bati kilichojificha nyuma ya kasha, ambacho mafundi hukiita pawasaplai, ilhali vyombo vyote alivyovilipia fedha nyingi havipati umeme ila kwa kupitia humo. Kazi yake ni kuupokea mkondo geu wa ukutani, ambao Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, na kuugeuza uwe mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3.

Mtengenezaji aliyeazimia kuuza rahisi kupita wote halipunguzi bati, kwa kuwa mnunuzi analiona. Hupunguza yaliyo ndani. Vichujio vya pale umeme unapoingilia huachwa, na nafasi zake zikaungwa kwa vipande vya waya. Saketi ya kukata umeme volti zinapozidi huondolewa. Na kapasita za kustahimili nyuzi 105 zikabadilishwa kwa za nyuzi 85. Wahandisi hukadiria kwamba kila joto lipandapo nyuzi 10 umri wa kapasita hupungua nusu. Basi fikiri hali yake Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, katika afisi isiyo na kiyoyozi, feni imesakamwa na vumbi. Kapasita hufura, kompyuta ikawa inajizima ovyo, na mwenyewe, masikini, hushutumu virusi na kulipia programu kuwekwa upya. Kisanduku kikifa peke yake ni bahati, kwani kisicho na kinga huweza kufa pamoja na diski na hesabu zote za duka.

Lakini hadaa iliyo kubwa ni ya kibandiko. Kimeandikwa wati 500 kwa tarakimu nene, nazo huenda zikawa ni za kilele cha nukta chache tu, au hazikupata kuwako kabisa. Ithibati hutafutwa katika maandishi madogo, penye ampea za volti 12, kwa maana prosesa na kadi ya picha za siku hizi hula zaidi hapo: zikiwa 18, zidisha kwa 12 upate wati 216. Ziko wapi zile nyingine? Hata alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, inapokuwa ya kweli hushuhudia kwamba umeme haupotei mno, wala haishuhudii usalama.

Mnunuzi wa kompyuta moja nitamsamehe, maana amefinywa na mfuko wake. Siwasamehe wanaonunulia shule na idara kwa mamia, ambao katika zabuni zao hutaja prosesa na memori kwa tafsili ndefu, kisha wakanyamaa kimya kuhusu pawasaplai. Mwaka 2005 Dell ilitenga takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex zilizoharibiwa na kapasita mbovu kwenye ubao mama. Shule ya kata haina hazina kama hiyo.

Rai yangu ni kwamba mashirika yetu ya viwango yachukue kisanduku kimoja katika kila shehena, yakitwike wati zile zile zilizoandikwa juu yake kwa muda wa saa nzima, na kikishindwa, shehena irudishwe ilikotoka kwa gharama ya aliyeileta.