Tunalipia Spea, Hatulipii Akili

Wiki ya tatu baada ya pikipiki kufika nyumbani, mdogo wangu alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri. "Dada, stata imegoma." Mimi niko hosteli, nasoma ualimu mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Fizikia na Hisabati, na mtihani wa umeme nimeufaulu vizuri tu. Nikamjibu jibu la kivivu kuliko yote niliyowahi kutoa maishani: "Mpelekee fundi." Nikageukia ukutani, nikalala.

Usingizi ule ulikula karibu bumu langu lote.

Pikipiki yenyewe ni ya mama, kwa pesa ya VICOBA. Marejesho ni Sh 35,000 kila wiki, na kikundi hakina habari na stata. Dogo anaendesha bodaboda pale Kihonda, Morogoro, na ndiye anayelisha marejesho hayo. Kuna atakayesema, si ina kiki? Ndiyo, ina kiki, na injini ilikuwa inawaka kwa kiki vizuri kabisa. Lakini abiria aliyechelewa kazini hasubiri ukanyage mara nne. Anahamia pikipiki ya pembeni. Na ikizima katikati ya barabara huku lori liko nyuma yako, kushusha mguu na kuanza kukanyaga kiki si jambo la mchezo.

Fundi alisikiliza, akachukua bisibisi, akagusanisha misumari miwili ya rilei. Cheche ikaruka, stata ikazunguka kizembezembe, ikakwama. "Stata imekufa." Stata mpya Sh 45,000, ufundi Sh 10,000. Nikatuma. Siku hiyo ilinunuliwa, ikafungwa, na kesho yake asubuhi ikagoma vilevile. "Basi ni rilei." Nikatuma tena. Ikagoma. Mara ya tatu fundi akasema pikipiki za siku hizi ndivyo zilivyo, azoee kiki tu. Mimi huku chuoni nilikuwa nimeshahamia pasi ndefu, mlo mmoja saa kumi jioni, na bado semista ilikuwa na wiki saba.

Dogo akairudisha dukani aliponunua. Duka halikukataa kwa ubaya. Waliangalia tu, wakaona stata si ile iliyotoka kwao, wakasema imeshafunguliwa na fundi wa nje, waranti hakuna. Hapo sina cha kuwatetea wala cha kuwalaumu sana, ila namwambia kila mwenzangu anayepanga kununua: pikipiki mpya ikigoma ndani ya muda wa waranti, usiruhusu hata nati moja iguswe kabla haijarudi dukani. Tuliligundua hili tukiwa tumechelewa.

Nikaenda nyumbani Ijumaa na testa niliyonunua Sh 15,000. Sikuwa najua ufundi wa pikipiki, na mpaka leo siujui. Nilichokuwa nacho ni Sheria ya Ohm, ambayo kila aliyepita kidato cha tatu aliikariri.

Nikaanza kwa kusikiliza, maana mzunguko wa stata unaongea. Ukibonyeza ukakuta kimya kabisa, hakuna hata mlio mdogo, umeme haufiki kwenye rilei: angalia fyuzi, swichi ya kwenye usukani, na ile swichi ndogo ya klachi, ambayo kwenye pikipiki nyingi hairuhusu stata mpaka gia iwe huru au klachi ibanwe. Ukisikia tatatata ya haraka, betri imechoka au terminali zimelegea. Ukisikia "ta!" moja halafu basi, au stata inajikokota, kuna mahali umeme mkubwa unapotea njiani. Stata ikizunguka kwa kasi lakini injini haizunguki nayo, hapo kosa liko ndani, kwenye klachi ya stata yenyewe. Yetu ilikuwa ya "ta!" na kujikokota.

Dogo akanipinga: "Betri ni nzima dada, ona indiketa, sikia honi." Hapa ndipo karibu kila mtu anapodanganyika, na mimi ningedanganyika pia kama nisingekaa nikapiga hesabu kwenye vumbi kwa kijiti. Indiketa mbili za wati 10 kwa volti 12 zinavuta chini ya ampea 2. Stata, tuseme inavuta 40. Sasa weka ukinzani wa omu 0.1 tu mahali fulani kwenye waya, kutu kidogo, au boliti isiyokaza. Kwa indiketa unapoteza chini ya volti 0.2, hutaona tofauti yoyote. Kwa stata, 40 mara 0.1, volti 4 zimeyeyuka. Betri inatoa 12, stata inapata 8. Honi inalia, taa zinawaka, stata imekufa. Kumbe haijafa, inanyimwa chakula.

Nikaweka waya mmoja wa testa kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, nikamwambia dogo abonyeze. Hapo testa ilitakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi sana nusu volti. Ilisoma volti 3 na kitu. Nilirudia mara tatu maana sikujiamini. Umeme ulikuwa unapotea kwenye waya wa hasi unaoshuka kwenye injini, ule mafundi wanaouita ethi. Tukafungua boliti yake. Chini ya washa kulikuwa na rangi nyeusi nzuri ya kiwandani, haijakwanguliwa. Waya ulikuwa unashika kwa nyuzi za boliti peke yake, na boliti yenyewe ilikuwa imeanza kulegea.

Msasa wa Sh 500. Tukakwangua mpaka chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi juu kuzuia unyevu. Dogo akabonyeza. Sitasema nililia, ila mama alitoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kidogo. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.2, wakati betri iliyojaa husoma kama 12.7. Pikipiki nyingi zinazotoka India na China hufika zikiwa kwenye makreti, zikaungwa hapahapa, na betri mara nyingi huja kavu, asidi iko kando. Ukishaimimina asidi unatakiwa uiache kama nusu saa, kisha uichaji polepole kwa saa kadhaa, kwa mkondo wa sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Betri ya ampea-saa 7 unaipa ampea 0.7. Mteja akiwa amesimama na pesa mkononi, nani ana subira hiyo? Asidi inamiminwa, betri inafungwa, pikipiki inatoka. Betri ya namna hiyo inaanza maisha na nusu shibe na mara nyingi haifikii nguvu yake kamili. Tuliipeleka ikachajiwe usiku kucha, na tukapima kama injini inaichaji: ikivuma, testa ilisoma volti 14.1, ni sawa.

Sasa, ni rahisi kumalizia kwa kumtukana fundi. Sitaki. Yule kijana ana mkono mzuri kuliko wangu, alibadilisha stata kwa dakika ishirini. Tatizo ni kile tunachomlipa. Angekaa nusu saa anapima, akakwangua boliti moja, tungempa Sh 2,000 na tungelalamika kwamba hajafanya kitu. Kwa kufunga stata ambayo haikuhitajika tulimlipa Sh 10,000 bila kunung'unika, pengine na kamisheni ya duka la spea juu yake. Sisi wateja ndio tuliomfundisha kwamba kufikiri hakulipi. Kama mnataka fundi anayepima, mlipeni kwa kupima. Mwambie mapema: nitakupa Sh 10,000 ukiniambia kosa liko wapi na ukanionyesha kwa testa, spea tutaongea baadaye. Dogo ameanza kufanya hivyo, na ameona tofauti.

Lawama kubwa naiweka kwetu sisi, walimu watarajiwa. Tunafundishwa Sheria ya Ohm kwa Kiingereza, tunaifanyia maswali ya waya wa kufikirika unaopita kwenye betri ya kufikirika, halafu tunaenda kuwafundisha hivyohivyo watoto ambao kaka zao wako kijiweni wanaumia na stata. Miaka yote hiyo sikuwahi kuambiwa kwamba kuna kupima volti zinazopotea kwenye waya huku mzigo ukiwa unavuta. Nilijua fomula, sikujua inakaa wapi duniani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali sekondari kando ya mkondo wa jumla, na mimi naunga mkono. Ila nina hofu moja: pikipiki itapelekwa kwa watoto wa amali na Ohm atabaki na watoto wa jumla, kisha tutazalisha tena fundi asiyepima na mwalimu wa fizikia anayesema "mpelekee fundi" huku amegeukia ukutani.

Wapo watakaosema mtaala umebana, hakuna muda wa pikipiki darasani. Kipindi nilichokifanya kwenye vumbi pale nyumbani kilichukua kama dakika arobaini, na mwanafunzi wangu, aliyeishia kidato cha pili, sasa anawapimia wenzake kijiweni. Testa hairudi tena kwangu. Juzi fundi yuleyule alikuja kuiazima.

Stata ya kwanza, ile ambayo haikuwa na kosa lolote, ipo kwenye mfuko wa rambo chini ya kitanda changu hapa hosteli, pamoja na rilei yake. Nimekataa kuiuza. Mwezi wa saba tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na nimeshaandika kwenye andalio la somo: zana, stata moja, betri moja, waya wenye kutu.