Cheti cha Fundi Kina Bei Yake

Nyumba mpya ikifikia hatua ya kuvuta umeme, hupita hapo watu wawili. Wa kwanza ni kijana anayeshinda juani akitindua ukuta, akipitisha mabomba na kusuka nyaya. Wa pili hakai sana: ni mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, anayetia saini na kugonga muhuri ili maombi ya kuunganishiwa umeme yapokelewe na shirika la umeme, TANESCO. Kijana ujuzi anao, karatasi hana. Kwa hiyo sehemu ya jasho lake huishia kwa mwenye muhuri.

Safari ya kuipata karatasi hiyo sasa inaweza kuanzia sekondari. Tangu mwaka 2024, baadhi ya shule zetu hapa Tanzania zimeanza mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mwanafunzi anasoma masomo ya kawaida pamoja na fani, na lengo ni amalize kidato cha nne akiwa na vyeti viwili: cha elimu ya sekondari na cha ufundi. Hivyo mzazi hauzi ng'ombe ili mtoto akaanze ufundi upya baada ya hapo, na kijana akienda kiwandani hapokelewi kama kibarua asiye na fani.

Lakini cheti kisichoheshimiwa hakimlishi mtu, na heshima hiyo tunaitoa sisi.

Mzazi, mwanao akipangiwa amali, usimwambie ufundi ni wa waliofeli. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zimelea mafundi na wahandisi wengi. Badala yake nenda shuleni ukaulize: karakana ipo? Mwalimu wa fani yupo? Vifaa vinawatosha wanafunzi? Fundi aliyesomea uchomeleaji ubaoni hujulikana siku ya kwanza kazini.

Wewe mwenye gereji au karakana, mpokee mwanafunzi anapokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Mshikishe spana, asiishie kushika ufagio.

Nawe unayejenga, kabla ya kupatana bei na fundi, omba kuona cheti chake. Akikuonyesha, mlipe kwa kiwango cha cheti hicho. Vijana wakiona cheti kinaongeza ujira, hatutahitaji kuwabembeleza wasome ufundi.