SEHEMU YA 4: AMPLIFAYA YA BABA WATOTO

Jamani mama zangu wa Moshono, baba watoto akiongezea nguvu amplifaya yake ya gitaa la besi, sina ugomvi. Anaokoa hela ya fundi, na kwaya inapata mdundo.

Ugomvi wangu ni kuifungulia sebuleni mtoto anatambaa pembeni. Eti "nimeshachomoa"! Kapasita zinabaki na chaji hata ukichomoa, na zinapiga shoti.

Wengine fyuzi ikiungua wanaweka waya, na waya wa ethi wanaukata ili mngurumo uishe. Huo siyo ufundi, ni kuitegea familia. Volti 230 hazichagui mkubwa wala mdogo.

Mwambieni afanyie chumba kinachofungwa, au ampelekee fundi. Spea za amplifaya zipo mjini. Za mtoto, wodini hatuna.