Programu za kupima kompyuta zifungwe kwa ajili ya mtu wa Kasongo pia

Sisi vijana wa harakati ya raia wa Kasongo na Kabambare, watu wametuzoea tukiandika juu ya barabara, usalama na mishahara ya walimu. Leo tunaandika juu ya kompyuta, na juu ya kitu kimoja ndani yake: programu za kupima utendaji wa mashine, na namna zinavyofungwa kwenye mifumo huria kama Debian na Ubuntu. Tunajua wako wenye watauliza: njia ya Salamabila haijatulia, nyinyi munatuletea mambo ya programu? Mambo ya Salamabila hatujayaacha. Lakini hata hili ni la raia. Tangu 2020 tulikatwa unite kwenye simu zetu kwa jina la RAM, mpaka Leta ikaondoa makato yale 2022 kwa sababu watu walipiga kelele. Tangu siku ile hatukubali tena kuambiwa kwamba mambo ya mashine ni ya wataalamu wa Kinshasa tu.

Leta yenyewe inataka kila kitu kipite kwenye mashine. Mpango wa taifa wa numerike ulitoka 2019, Kode ya numerike ikatiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023. Vizuri. Lakini mashine za hapa kwetu ni zile zile: zimetumika Ulaya miaka mingi, zimepita mikono mitatu ine, leo ziko kwenye sekretariati za umma zinachapa TFC za wanafunzi, barua za kuomba kazi na risiti za shule. Mchana zinakula pano la jua, jioni zinakula grupu na esanse. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure, na nyingi kati ya mashine hizi hazina nguvu ya kupokea Windows 11. Njia iliyobaki ni mifumo huria. Hatusemi hivyo kwa mapenzi, ni hesabu ya mfuko.

Sasa mashine ikienda polepole, fundi wetu ana neno moja: virusi. Anafuta kila kitu, anaweka mfumo upya, mwenye sekretariati analipa, na kisha wiki mbili mashine imerudi palepale. Hakuna aliyepima. Muganga anayetoa dawa ya malaria kwa kila homa bila kupima damu, tungemfukuza.

Na vipimo viko. Linux ina perf tangu 2009, ndani ya kiini cha mfumo wenyewe. Iko Sysprof, yenye inaonyesha matokeo kwa picha, mtu asiyezoea kuandika amri anaweza kuifungua. Kazi yao ni rahisi kueleza: kila sekunde, mara mamia au maelfu, wanaigusa prosesa begani na kuiuliza, saa hii uko unafanya kazi ya nani? Wanaandika jibu, mwishoni wanahesabu. Majibu 60 kati ya 100 yakitaja programu moja, mlaji umemupata. Iko tena powertop, ya Intel, tangu 2007, yenye inaonyesha ni programu gani inaamsha prosesa bure na kumaliza betri. Kwa mtu wa Ulaya powertop ni mchezo wa kuongeza saa moja kwenye ndege. Kwa mwenye sekretariati wa Kabambare, ni litre za esanse.

Mmoja wetu alipima mashine ya sekretariati moja hapa mjini, yenye kila mtu alikuwa amesema imekufa. Virusi hakuna. Iliyokula muda ni programu ya kupanga orodha ya mafaili, ilikuwa inasoma upya maelfu ya TFC na picha za wateja kila mashine ikiwashwa. Akaizima. Franka hata moja haikutoka. Kupima kulimuomba dakika kumi. Kupata kipimo chenyewe kulimuomba siku ine, na hizi siku ine njo zinatufanya tuandike.

Siku ya kwanza: kwenye Ubuntu ya mashine ile, perf ilikuwa imefungwa pamoja na namba kamili ya kiini. Kiini kikibadilika kidogo tu, pakiti ya zamani ilikuwa inakataa, inakuambia tafuta ingine. Pakiti iliyokuwa kwenye kle yake ilikuwa ya kiini kingine. Kle ikapanda pikipiki mpaka Kindu, ikarudi. Siku ya ine perf ikafanya kazi, lakini badala ya majina ya kazi ikaonyesha mistari ya tarakimu na herufi zisizosomeka. Bahati ni kwamba jina la programu yenyewe lilionekana juu, likamtosha. Lakini angetaka kujua ni sehemu gani ndani ya programu inayokula, angebaki hapo.

Sababu yake ni hii. Anayefungasha programu anaondoa majina ya ndani ili pakiti iwe nyepesi. Debian inayaweka kwenye pakiti za pembeni, zenye jina linaloishia na -dbgsym, tena kwenye ghala tofauti na lile la kawaida. Siku hizi kuna na huduma inaitwa debuginfod: kipimo kikikosa jina, kinaenda kulichukua kwenye intaneti, moja moja, papo hapo. Mtu wa Paris au wa Nairobi hata hajui kama kuna kitu kimetokea. Mtu wa Kasongo anaangalia skrini imeganda, anazima, anasema mambo ya Linux ni ya wazungu.

Hatuwalaumu kwa dharau wale wenye wanafanya kazi hii, wengi ni wa kujitolea na kazi yao imetufaa. Debian imejengwa hivyo tangu 1993, na toleo lake la 13, la Agosti 2025, lina pakiti zaidi ya 69,000. Lakini kufungasha si kazi ya kukunja tu. Anayefungasha anaamua kwa niaba ya mtu asiyemuona. Mama anayefunga mchele kwa ajili ya kinga ya kwenda Kabambare anajua mzigo utaanguka kwenye tope mara tatu, anaufunga kwa kuanguka kule. Sisi tunaomba programu zifungwe na mtu mwenye anajua intaneti itakatika. Na inakatika si kwa sababu ya mvua tu: tangu tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, Leta ilizima intaneti nchi nzima karibu wiki tatu. Kifaa chochote chenye kinategemea kuuliza mbali kila saa, kinaweza kuzimwa na karatasi moja iliyotiwa sahihi.

Iko mfano mzuri wa uamuzi wa namna hii. Ili kipimo kiweze kufuata ni kazi gani iliita kazi gani, programu zote zinapaswa kujengwa na alama fulani ndani, inaitwa frem pointa. Alama ile inapunguza mwendo kidogo, asilimia 1 au 2 mara nyingi. Watu wa Fedora walibishana sana, kwanza wakakataa, kisha mwanzoni mwa 2023 wakakubali. Ubuntu nao wakakubali kwenye toleo la 24.04, kwa mashine za biti 64. Sisi, wenye mashine dhaifu kuliko wote, tunaunga mkono. Tunakubali kulipa asilimia ile moja, kwa sababu bila alama tunapoteza nusu ya siku bila kujua inaenda wapi. Na uzuri wake ni kwamba alama inasafiri ndani ya pakiti yenyewe, hauiombi intaneti.

Yenye hatuungi mkono ni ya biti 32. Ubuntu iliacha kuzitolea mfumo 2019. Debian 12 njo ya mwisho kuingia kwenye mashine zile; toleo la 13 haliziwekei tena. Tunaelewa kwamba wafanyakazi hawatoshi. Lakini tuseme wazi: mashine ya biti 32 huko inaitwa takataka, huku kwetu bado inalisha familia.

Basi tunaomba nini. Kwa vyuo vya Kasongo na kwa wakubwa wa provinsi: diski ngumu moja, yenye nakala ya ghala la Debian pamoja na pakiti za majina, ikae mahali mtu yeyote anaingia na kle yake bila kulipa na bila kuandikiwa barua ya ruhusa. Hii si ndoto. Programu inaitwa apt-offline iko tayari ndani ya Debian: mashine isiyo na intaneti inaandika orodha ya vitu inavyohitaji kwenye kle, kle inaenda penye intaneti, inarudi imejaa. Bei ya diski ile ni ndogo kuliko esanse ya msafara mmoja wa wakubwa. (Wasikasirike, sisi wenyewe njo tunasukumaka jeep zao kwenye tope.)

Kwa vijana wenzetu wenye diploma na wasio na kazi: tujifunze kufungasha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili 2004, kwa hiyo lugha haituzuii. Debian inakubali pakiti ya mtu wa nje kama kuna mwanachama anayemdhamini. Ugumu unakuja baadaye: ili uwe mwanachama kamili, ufunguo wako wa siri wa kutia sahihi unapaswa kuthibitishwa na wanachama wengine, na desturi ni kuonana uso kwa uso. Mkutano wao mkubwa wa mwaka ulifika Afrika 2016, Cape Town. Kutoka Kasongo mpaka Cape Town hakuna mwenye ataenda kwa ajili ya sahihi. Wanachama wenye wanapita Bukavu, Goma au Bujumbura kwa kazi zingine, watuandikie. Tutashuka mpaka kule na vitambulisho vyetu mikononi.

Diski ya kwanza tuko tayari kuipokea na kuilinda hapa Kasongo. Nakala ya pili ipande Kabambare mbele mvua za Septemba hazijaifunga njia.