Jina la Mgunga na Uvivu wa Wasomi

Tangu mwaka 2005 wapo wapenzi wengi wa mimea barani Afrika wanaolalamika ya kuwa wameibiwa jina. Jina lenyewe ni Acacia. Malalamiko hayo si ya uongo, lakini nadai kwamba yameelekezwa pasipo pake. Jina lililochukuliwa Ulaya halikuwa letu. Majina yaliyo yetu yangali vinywani mwa watu wa Karatu na Ngorongoro, wala hapana aliyetunyang'anya. Kiswahili cha wasomi kimeyaacha chenyewe, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kwanza tutazame kisa hicho. Wayunani wa kale waliuita akakia mti wa miiba wa Misri. Mwaka 1754 Philip Miller, mtunza bustani wa Chelsea, alilitumia jina Acacia katika kamusi yake ya bustani. Miaka mingi baadaye wataalamu waligundua kuwa mimea iliyokusanywa chini ya jina hilo si ya ukoo mmoja. Ikabidi igawanywe, na swali likawa ni nani arithi jina. Katika mkutano wa Vienna wa mwaka 2005 jina walipewa ndugu wa Australia, ambao ni karibu spishi 1,000, na wengi wao hawana mwiba hata mmoja. Zaidi ya nusu ya wapiga kura walikataa, lakini kanuni ilitaka asilimia 60 ili pendekezo la kamati litanguliwe. Mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 haukugeuza neno. Miti yetu mingi ikaingizwa katika jenasi mbili, Senegalia na Vachellia, na hilo la pili ni ukumbusho wa George Harvey Vachell, kasisi wa Kiingereza aliyekusanya mimea huko China.

Hivyo kichaka cha miiba cha nyanda za Ngorongoro hubeba jina la kasisi asiyehusika nacho kwa lolote. Ni kichekesho, nakubali. Lakini namwuliza msomi anayecheka: wewe wakiita nini?

Kichaka ninachokitaja ni cha jamii ya kunde, nacho hupenda udongo mzito mweusi, ule unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Maua yake ni meupe yenye rangi ya maziwa. Baadhi ya miiba yake hufura chini na kuwa vinundu vyenye uwazi ndani. Sisimizi huvitoboa wakafanya makao, na upepo upitapo kwenye matundu hayo hupiga mluzi. Mti huwapa sisimizi nyumba na utomvu mtamu, nao huwauma tembo na twiga wanaokuja kula majani. Huko Laikipia, Kenya, watafiti waliizungushia baadhi ya miti hii uzio tangu mwaka 1995, wanyama wakubwa wasiifikie. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha ajabu: miti iliyolindwa ilipunguza vinundu na utomvu, sisimizi walinzi wakapungua, na miti ikadhoofika kuliko ile iliyoliwa. Habari hii imesomwa dunia nzima. Mwanafunzi wa Karatu akitaka kuisimulia kwa Kiswahili, ataanza na neno gani? Atasema mgunga. Na ule mti mrefu wa gome la manjano uotao penye maji? Mgunga. Na ule wa kivuli kipana kama mwavuli, ambao mbuzi hula maganda ya mbegu zake? Mgunga vilevile, na akitaka kuonekana msomi, akasia.

Waingereza wana kichaka kimoja cha miiba na maua ya manjano, nacho pia ni cha jamii ya kunde, kiotacho katika nyika zao za baridi. Hicho kimoja wanakiita gorse, au furze, au whin, kwa kadiri ya mahali. Wao wana majina matatu kwa kichaka kimoja. Kiswahili sanifu kina jina moja kwa miti mingi. Je, huo ni umaskini wa lugha? La hasha. Ni uvivu wa watu wake.

Maana Karatu si nchi iliyokosa maneno. Ni mahali pachache Afrika ambapo mtu aweza kusikia sokoni Kiiraqw, ambacho ni Kikushi. Kidatoga, ambacho ni Kiniloti. Kihadza, ambacho wanaisimu hawajakipatia ndugu wa hakika. Na lugha za Kibantu, kikiwamo Kiswahili chenyewe. Kwa Wamaasai wa Ngorongoro kichaka cha mluzi ni eluai, mti wa gome la manjano ni olerai, na ule wa mwavuli ni oltepesi. Mfugaji hachanganyi hata kimoja, kwa kuwa akikosea mbuzi wake watalala na njaa.

Mpinzani atasema: Kimaasai si Kibantu, maneno yake hayatakaa katika Kiswahili. Namjibu kwamba meza ilitoka kwa Wareno na shule kwa Wajerumani, nazo zimekaa. Ngeli tulipewa na Wahaya, ikulu na Wanyamwezi, na leo hakuna anayeziona ngeni. Kuna ubaya gani kuondoa vitangulizi vya Kimaasai na kusema mlerai, mluai na mtepesi, wingi wake milerai, miluai na mitepesi? Ndimi za watu zimekwisha tangulia: ule msitu ulio ndani ya kreta twauita Lerai, bila kamati kuketi.

Atasema tena: kila kabila lina jina lake, tutachukua lipi? Swali hilo ni la haki, na ndiyo kazi ya BAKITA na TATAKI kulijibu. Lakini mwenye kushindwa kuchagua kati ya majina manne hapaswi kujifanya kwamba halipo hata moja.

Na tukingoja, wengine watatuandikia. Mwaka 1911 Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika katika korongo lililoitwa kwa jina la mkonge mwitu, oldupai. Jina likasikiwa vibaya, likaandikwa Olduvai, na kosa hilo likazunguka dunia kwa miaka mingi pamoja na mafuvu ya mababu zetu. Kulirudisha jina la haki kumekuwa kazi ndefu, nayo haijakwisha vitabuni.

Kwa hiyo nawataka wanafunzi wa isimu na wa botania waende Karatu na Ngorongoro pamoja, daftari mkononi, wawaulize wafugaji na wakulima, mti mmoja baada ya mwingine. Wazee wenye majina hayo hawataishi milele, na Vienna haitatutunzia.