Mnada wa Bunduki na Dakika 15 za Mwisho

Mwaka 1999 tovuti ya minada ya eBay ilipiga marufuku uuzaji wa bunduki. Mwaka huohuo, hukohuko Marekani, ikazaliwa GunBroker.

Kwenye mnada huu wa intaneti, mjanja wa kuvizia sekunde ya mwisho hana lake. Dau likiingia ndani ya dakika 15 za mwisho, mnada huendelea hadi dakika 15 zipite bila mtu kupandisha. Mnunuzi huweza pia kuweka kiwango chake cha juu kwa siri, mfumo ukampandishia kidogokidogo. Muuzaji naye huweza kuficha bei ya chini anayoikubali. Minada mingi ya mtaani haina haki kiasi hicho.

Tatizo ni makabidhiano. Bunduki ikiuzwa jimbo jingine, sheria ya shirikisho hutaka ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, na mnunuzi hujaza Fomu 4473 kisha rekodi zake huchunguzwa. Watu binafsi wa jimbo moja hawadaiwi hayo na sheria hiyo, ingawa baadhi ya majimbo huyadai. Bunge la Marekani lingepaswa kuwabana nao pia, kwani risasi haiulizi jimbo.